Riwaya Inayomzidi Kijana Kimo



Kila mjadala wa usomaji unapozuka kwetu, lawama huiendea simu kwanza, halafu uhaba wa vitabu. Husemwa kwamba Kiswahili hakina fasihi ya vijana: kuna vitabu vya watoto vyenye picha za sungura na fisi, kisha kuna riwaya za watu wazima, na katikati mwenye miaka 13 hadi 18 hana chake. Nakubali kwamba vitabu vipya vya rika hilo ni vichache. Hata hivyo, pengo ni dogo kuliko tunavyodai. Riwaya za kijana tunazo, tena ni zile zile tunazozihesabu miongoni mwa bora kabisa za lugha hii, na mhusika mkuu wa nyingi kati yake ni kijana mwenyewe. Tulichokosa ni moyo wa kumwachia azisome zikiwa nzima.

Tuanze na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali kupindukia, na anapogundua kwamba bintiye ameandikiwa barua na mvulana, anampa kipigo cha kuua. Baada ya hapo Rosa anawaogopa wavulana, na nyumba inatulia kana kwamba malezi yamefaulu. Anapokwenda shule ya bweni, mbali na mkono wa baba, ndipo hasara inapoonekana. Hajui kumkataa mtu bila kuogopa, hajui kumpima anayemsifu, hajui hata aulize nini na amuulize nani. Maana nyumbani alichofundishwa ni hofu ya baba, na baba hayupo. Mwisho wake ni kujiua. Kwa muda kitabu hiki kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuhofiwa kwamba kingepotosha wanafunzi, na baadaye kikaruhusiwa na kufundishwa. Waliokizuia walikuwa wakirudia, bila kujua, kosa la mhusika aliyemo ndani yake: Zakaria alidhani adui ni barua, wao wakadhani adui ni kitabu.

Kama Kezilahabi angekuwa peke yake, tungeweza kusema ni hasira za mwandishi mmoja aliyelelewa katika mazingira ya seminari. Lakini mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, akitazama jamii tofauti na dini tofauti, alichapisha Utengano. Humo Maimuna anafungiwa nyumbani na baba yake, Bwana Maksuudi, mtu mwenye heshima mbele za watu na uovu nyuma ya mlango. Siku Maimuna anapotoroka, mji unamkuta mtupu kama Ukerewe ilivyomtoa Rosa, naye anaporomoka. Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, anamleta Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja wakati wa ukoloni, aliyeozwa Bwana Raza, mwanamume wa makamo, kabla hajajua anachotaka maishani. Yasmin ana bahati kuliko wenzake wawili. Anampata shoga kama Mwajuma, anakutana na Denge na harakati za kudai uhuru, na anajifunza kuamua. Waandishi watatu, miongo mitatu, jamii tofauti, na uchunguzi wao unakubaliana: kijana aliyefichwa dunia haikwepi, huikuta akiwa hana silaha. Sioni fasihi ya vijana iliyo ya vijana zaidi ya hiyo.

Pingamizi la wazazi nalifahamu na silidharau. Katika riwaya hizi mna ulevi, ukahaba, mimba zinazotolewa, kujiua. Je, tunampa mtoto wa kidato cha pili mambo hayo ayasome? Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, si kila kitabu ni cha kila umri, na mwalimu mwenye akili hataanza na Rosa Mistika. Mwenye miaka 13 ampe Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, ya mwaka 1960, ambamo Bwana Msa, kiko mdomoni, anachunguza mauaji ambayo watu wako tayari kumsingizia mzimu, naye anataka ushahidi. Kisha ampe Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambamo Kongowea, mwana wa mwimbaji taarabu wa Tanga, anasimulia mateso ya uyatima na safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Rosa na Maimuna wanaweza kungoja kidato cha tatu.

Sehemu ya pili ni nzito zaidi. Mambo tunayoyahofia yanamfikia kijana hata hivyo, kwa vipande vya video vya nusu dakika ambavyo havina jana wala kesho. Riwaya inamlazimisha apite njia nzima, kuanzia ulevi wa Zakaria hadi kaburi la Rosa, akiona kila mtu alichangia nini. Vitabu vilivyosafishwa haviwezi kazi hiyo, na vijana wanavijua kwa harufu. Huko Marekani, riwaya ambayo wengi huihesabu kuwa chanzo cha fasihi ya vijana ya kisasa, The Outsiders ya mwaka 1967, iliandikwa na S. E. Hinton akiwa mwanafunzi wa sekondari, kwa sababu hakuona vitabu vinavyosema kweli kuhusu maisha ya rika lake.

Wengine hulalamikia lugha. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, wanasema ni ngumu kwa kijana wa leo. Ni ngumu, ndiyo, katika kurasa za mwanzo. Lakini Karama anaposimama mbele ya mfalme kujibu mashtaka ya waziri Majivuno, kosa lake likiwa ni kutaka watu wafundishwe sheria, kijana yeyote aliyewahi kuadhibiwa bila kusikilizwa ataelewa bila kamusi.

Adui mkubwa zaidi ya marufuku na ugumu wa lugha ni mtihani wetu. Kila mtahiniwa wa Kenya anaijua sentensi hii: “Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4).” Alama moja kwa msemaji, moja kwa msemewa, moja kwa mahali, moja kwa sababu. Mwanafunzi akikariri mwongozo anazipata zote nne bila kufungua riwaya, na ndivyo wengi wanavyofanya. Tanzania mtindo ni mwingine ila ugonjwa ni huo huo: dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kila kimoja kimeshaandikwa ubaoni kabla kitabu hakijasomwa. Nitaambiwa kwamba bila mtihani riwaya hizi zisingenunuliwa kabisa, na wachapishaji wangefunga milango. Ni kweli, wala sipendekezi zitolewe katika mtaala. Napendekeza swali moja tu libadilike: mtahiniwa achague riwaya yoyote ya Kiswahili aliyoisoma nje ya orodha, aseme ni wapi hakukubaliana na mwandishi, na atetee msimamo wake kwa matukio ya kitabu. Kusahihisha swali hilo kutakuwa kazi, na watahini watalalamika. Walalamike.

Kwa maktaba za shule, naomba kabati lifunguliwe, kwani kitabu kilichofungiwa kisipotee hakijamsaidia mtu. Kwa walimu, naomba riwaya imalizwe kusomwa kabla dhamira haijatajwa. Na kwa mzazi mwenye shaka na Rosa Mistika, ombi langu ni kwamba asiizuie wala asiiruhusu kabla hajaisoma yeye mwenyewe, hasa akiwa ni baba.