Mlango wa Tajiri na Utu wa Mfanyakazi



Katika mazungumzo yetu ya leo tunaitazama filamu moja iliyotoka Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia, pamoja na swali linalowagusa wengi wetu wenye ndugu wafanyao kazi huko: utu wa mfanyakazi hulindwaje mahali ambapo mwenye mali ndiye mwenye mlango?

Filamu hiyo yaitwa "Mandoob", neno la Kiarabu lenye maana ya mjumbe au mwakilishi. Iliongozwa na Ali Kalthami, ikaoneshwa mara ya kwanza mjini Toronto, Septemba 2023, na Desemba ya mwaka huo ikaingia katika majumba ya sinema ya Saudi Arabia. Ikumbukwe kwamba sinema zilirejeshwa nchini humo mwaka 2018 tu, baada ya zaidi ya miaka 35 ya marufuku, na Jeddah ina tamasha lake la kimataifa la filamu tangu mwaka 2021.

Mhusika mkuu, Fahad, anafukuzwa kazi ya kupokea simu za wateja. Baba yake ni mgonjwa, na fedha za matibabu hazipo. Anakuwa mpeleka mizigo wa usiku, akiendeshwa na amri za simu ya mkononi. Kisha anagundua biashara ya magendo ya pombe, naye anathubutu kuwaibia wenye biashara hiyo. Filamu inasisimua kwa hatari hiyo, ila chanzo chake ni jambo la kawaida kabisa: mtu ambaye kazi yake humfikisha mlangoni pa wenye nacho, na kumwishia hapo hapo.

Hata hivyo Fahad ni raia. Akichoka, hurudi kwao. Binti aliyetoka Mombasa au Kampala kwenda kulea watoto wa watu Riyadh au Jeddah yumo ndani ya mlango huo, na shida yake ni kutoka. Chini ya mfumo wa kafala, ukaazi wake umefungamanishwa na mwajiri, yaani kafili. Mageuzi ya Machi 2021 yaliwarahisishia wafanyakazi wa makampuni binafsi kubadili mwajiri, lakini watumishi wa nyumbani waliachwa nje.

Kanuni mpya zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinaweka ukomo wa saa 10 za kazi kwa siku, siku moja ya mapumziko kila wiki, na kumkataza mwajiri kushika pasipoti ya mtumishi. Ni hatua ya maana. Lakini nyumba si kiwanda. Saa 10 hizo atazihesabu nani, ikiwa shahidi pekee ni yule anayetaka chai saa sita ya usiku?

Wahenga walisema, mnyonge hana haki. Kanuni imeandikwa ili usemi huo ukome kuwa kweli, nayo itapimwa jikoni, pale binti atakaposema "leo ni siku yangu ya mapumziko", akafunguliwa mlango, akatoka, na jioni akarudi bila kuogopa.