Mpango wa Taifa Uanzie Kwenye Mkutano wa Kijiji

(Mada iliyotolewa katika semina ya waratibu wa maendeleo na wajumbe wa kamati za mazingira za vijiji)



Nimeombwa nizungumzie mipango ya kitaifa ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na nimeonywa nisiwachoshe. Nitajitahidi.

Nchi yetu haina upungufu wa mipango. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 1996. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ikatungwa mwaka 2004. Mwaka 2007 Ofisi ya Makamu wa Rais ilitoa mpango wa kwanza wa kuhimili mabadiliko haya, unaofahamika kwa kifupi kama NAPA, ukiwa na miradi 14 ya kipaumbele. Ukafuata Mkakati wa Taifa wa mwaka 2012, kisha mwingine wa 2021 hadi 2026. Mwaka huo wa 2021 Serikali iliahidi pia kwamba ifikapo 2030 gesijoto zitapungua kwa asilimia 30 hadi 35, kulinganisha na kiwango ambacho tungefikia bila kuchukua hatua. Gharama yake ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola za Marekani bilioni 19. Hatuna fedha hizo mfukoni, na kila mtu analijua hilo.

Kati ya karatasi na utekelezaji pana safari ndefu. Chukueni mfano wa kuta za kuzuia bahari, ambazo zilikuwa miongoni mwa ile miradi 14. Mpango ni wa mwaka 2007. Fedha za Mfuko wa Kimataifa wa Kuhimili ziliidhinishwa mwaka 2011. Ukuta wa ufukwe wa Ocean Road, Dar es Salaam, ulikamilika mwaka 2018. Miaka 11! Na pale ni jirani na Ikulu. Ukuta ni mzuri, umeokoa barabara, siubezi. Nauliza tu: kijiji ambacho hata gari la halmashauri hulifika kwa shida kitasubiri miaka mingapi?

Ndiyo maana nataka tukae kidogo Shinyanga, maana pale tunao mfano wetu wenyewe, wa tangu kabla neno tabianchi halijazoeleka.

Miti ya Shinyanga ilikatwa kwa miongo mingi ili kuua mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mkoa ukafikia hatua ya kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni wataalamu walifanya kama tulivyozoea: vitalu vikubwa, miche ya kigeni, wananchi waje wachukue wakapande. Mwitikio ulikuwa mdogo. Walipokaa chini na wazee wa Kisukuma ndipo wakaelekezwa kwenye ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikali, wakati ndama na ng'ombe dhaifu hawana pengine pa kula. Miti inajiotea yenyewe. Hakuna kitalu wala lori la miche. Na ulinzi wake ulikuwapo tayari: dagashida, mkutano wa jadi unaoweka sheria, na sungusungu wanaozisimamia. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000.

Wenzetu wa Isiolo, Kenya, nao walipopewa fedha za tabianchi na kuachiwa wachague wenyewe, walichagua pamoja na mambo mengine kuimarisha dedha, baraza la wazee wa Kiborana linaloamua mifugo ichungwe wapi na lini. Sidhani kama mtaalamu wa mjini angeliweka baraza la wazee kwenye orodha ya miradi. Hakuna saruji ya kuzindulia.

Sasa nije kwetu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Ikifika Aprili na Bunge linajadili bajeti, mlango wa kijiji umeshafungwa zamani. Kilichoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ndicho kitakachopanda kwenda kata na halmashauri. Ambacho hakikuandikwa, hata kiwe kilio cha kijiji kizima, mpango wa wilaya haukioni.

Mkutano huo kwa mujibu wa sheria ufanyike kila miezi mitatu. Mnajua wenyewe mangapi huahirishwa kwa kukosa akidi. Hapa ndipo nawaomba viongozi wa dini: siku mkitangaza ndoa na misiba, tangazeni na mkutano wa kijiji. Akina mama nao wapewe nafasi ya kusema, maana habari za kisima kilichokauka wanazo wao kuliko mwenyekiti.

Nanyi wajumbe wa kamati za mazingira, ambazo sheria ya 2004 inazitambua hadi ngazi ya kijiji, msiende mikono mitupu. Andikeni mafuriko yalifika wapi na mwaka gani, visima vipi vilikauka na mwezi gani. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukitoka, usomwe mkutanoni. Na kama kijiji kina ngitili au msitu wa asili, uingizwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi kabla mwenye fedha hajaja kuomba shamba. Akishapewa, mtakuwa mnazungumzia fidia.

Fomu za mapendekezo ya vijiji ninazo hapa mezani, zinatosha kila kamati. Maswali nayapokea.