Baridi Yabisi Ukooni

Mama akiugua baridi yabisi, binti huanza kuvitazama vidole vyake kwa hofu. Hofu hiyo ina msingi: ugonjwa huu huzifuata familia, na jeni za kundi la HLA zimehusishwa nao tangu miaka ya 1970. Lakini watazame mapacha wa kufanana, waliorithi jeni zilezile. Mmoja akiugua, mwenzake huugua mara 15 hivi tu katika 100. Mengine hutokana na maisha, na sigara ndicho kichocheo kilichothibitishwa zaidi. Basi dada yangu, usijihukumu mapema. Ila viungo vikivimba, vikakakamaa kila asubuhi kwa nusu saa au zaidi, jina lisikudanganye ukadhani ni baridi tu. Nenda hospitali, na umweleze daktari kwamba mama naye anaugua.