Simu Ikilia, Nani Ananyamaza?

(Mazungumzo na wanaklabu wa afya wa shule za sekondari)

Leo sikuja kuzungumza juu ya malaria wala kipindupindu. Nimekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachokaa mfukoni. Simu!

Najua shuleni wengi wenu hamruhusiwi kuwa nayo. Lakini klabu ikikutana Jumamosi, wapo wanaokuja na simu ya kaka au ya mama. Na sisi wakubwa tunaowatembelea tunakuja nazo mbili mbili!

Sasa hebu fikiria. Mmekaa mduara, mada ni magonjwa ya zinaa. Msichana ambaye hajawahi kusema neno tangu klabu ianze anainua mkono. "Mimi nilitaka kuuliza, hivi mtu akiona..." Mara simu inalia, muziki juu! Watu wanacheka. Mwenye simu anatoka nje, "Haloo! Haloo!" Mkitulia, mwezeshaji anamwambia, "Ehe, dada, ulikuwa unasemaje?" Naye anajibu, "Basi, nimesahau."

Je, kweli amesahau? Au ujasiri umekatika? Kisonono na kaswende hutibika, lakini mtu hatibiwi kama hakuthubutu kuuliza. Ndiyo maana nasema simu kwenye kikao chetu si kelele tu. Inaweza kumfunga mtu mdomo.

Tena si lazima ilie. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walichapisha jaribio lao. Watu wasiofahamiana walizungumza wawili wawili kwa dakika 10. Karibu na baadhi yao iliwekwa simu, karibu na wengine daftari. Wale wenye simu hawakuaminiana sana kama wenzao, hasa walipoambiwa wazungumze jambo la maana kwao. Na simu yenyewe ilikuwa imelala tu!

Basi tufanyeje? Jaribuni haya:

1. Kubalianeni nyote mwanzoni mwa kikao. Kanuni mliyoitunga wenyewe mtailinda.

2. Zima kabisa, usiweke kimya tu. Januari 2012 huko New York, kiongozi wa okestra, Alan Gilbert, alilazimika kusimamisha muziki katikati ya onyesho kwa sababu ya simu. Mwenyewe alikuwa ameiweka kimya, lakini alamu ikalia!

3. Wekeni simu zote kwenye kikapu mahali mnapokiona wote. Hapo hakuna atakayeogopa kurekodiwa au kupigwa picha.

4. Mwenye mgonjwa nyumbani aseme mapema, akae karibu na mlango, na simu yake itetemeke tu.

5. Ikilia kwa bahati mbaya, msimzomee mwenye simu. Aizime, aombe radhi. Na aliyekatizwa asibanwe mbele ya watu. Mwambieni, "Ukipenda endelea, usipopenda tutazungumza baadaye." Sanduku la maswali yasiyo na majina nalo linasaidia sana.

Utauliza, je, mgeni mtu mzima? Ataambiwaje? Sema kwa adabu, kabla hajaanza: "Shikamoo mwalimu. Samahani, hapa tumekubaliana simu zote zizimwe, zetu na za wageni." Mkubwa mwenye busara hatakasirika. Atajua yuko na vijana wanaojiheshimu.

Sisemi simu ni adui. Tanzania na Kenya, mtoto mwenye shida anaweza kupiga namba 116 bila malipo akasikilizwa. Umeona? Hata huko anachotafuta ni mtu wa kumsikiliza. Sasa kwa nini akikose kwenye klabu yake mwenyewe, mbele ya wenzake?

Haya, kikao kijacho, nani kati yenu atakuja na kikapu?