Ng'ombe Kuvimba Tumbo Msimu wa Mvua: Mazungumzo kwa Wafugaji wa Kinangop



Wakati wa kiangazi kila mfugaji huwa macho. Mvua ya Machi ikishanyesha na malisho kuwa kijani, watu hupumua, kumbe hatari ya ng'ombe kuvimba tumbo ndiyo inaanza. Ng'ombe mmoja wa maziwa akifa, ni karo ya muhula imezikwa.

Uwanda huu uko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Nepia, tegemeo la wafugaji wa sehemu za chini, haistawi vizuri katika baridi hii, na umande ukiganda usiku wa Januari huungua. Ndiyo maana wengi hutegemea nyasi ya Kikuyu iliyochanganyika na klova, pamoja na oti na alfalfa. Ni chakula kizuri. Shida ni namna kinavyolishwa.

Vijidudu vilivyo katika tumbo la kwanza la ng'ombe ndivyo huvunjavunja malisho, na kazi hiyo hutoa gesi usiku na mchana. Kwa kawaida ng'ombe huibeua. Lakini akila klova au alfalfa changa kwa wingi, gesi hunaswa ndani ya povu, mfano wa povu la sabuni, ikashindwa kutoka. Ubavu wa kushoto hupanda, mapafu yakabanwa, na mnyama anaweza kufa kwa saa chache.

Ng'ombe aliyelala na njaa akifunguliwa alfajiri kwenye klova yenye umande, hula kwa pupa. Afadhali aanze na hei au nyasi kavu zizini, kisha atoke umande ukishakauka. Siku za kwanza saa moja inatosha. Muda uongezwe polepole kwa wiki mbili hadi tatu, maana vijidudu navyo huchukua muda kuzoea chakula kipya. Alfalfa iliyokatwa iachwe inyauke kabla ya kuwekwa horini.

Na viazi, ambavyo hapa havikosekani? Vikatwe, kwa sababu kiazi kizima kikikwama kooni huziba njia ya gesi. Vya kijani au vilivyochipua vina sumu, visilishwe kabisa. Hata vizuri vipewe kidogo kidogo, kwani wanga mwingi kwa ghafla hulifanya tumbo kuwa na asidi.

Ng'ombe akishavimba, daktari wa mifugo aitwe mara moja. Akiwa bado amesimama, anaweza kunyweshwa nusu lita ya mafuta ya kupikia, taratibu, bila kuinua kichwa juu sana yasije yakaingia mapafuni. Mafuta ya taa, ambayo bado hutumika katika baadhi ya boma, humdhuru na kuharibu ladha ya maziwa. Akiwa ameshalala chini na anahema kwa shida, hakuna cha kumnywesha: daktari ndiye wa kutoboa ubavu kuitoa gesi.