Maisha ya Bibi Cicely Saunders, Mwuguzi wa Wanaokaribia Kufa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetupa heshima ya kusema machache juu ya maisha ya mtu aliyewatendea wenzake mema, kama ilivyo desturi ya mkutano huu. Safari hii tumemchagua mwanamke wa Kiingereza, na huenda baadhi ya wazee wakauliza, huyu ana nini nasi? Twaomba mtuvumilie. Kazi aliyoifanya inagusa jambo ambalo chama hiki hulishughulikia karibu kila mwezi, nalo ni kifo.

Sisi tunaoshika vitabu vya chama twajua jinsi kanuni zetu zilivyo. Mwanachama akifa mbali na kwao, chama hununua sanduku, hulipa gari la kuupeleka mwili nyumbani, na huwapa wafiwa rambirambi. Ni kanuni njema, na wazee walioiweka wanastahili shukrani. Lakini kwa kanuni hiyo, senti ya kwanza hutoka siku mtu anapokata roho. Bibi Saunders alitumia umri wake kwa siku zile zinazotangulia.

Alizaliwa tarehe 22 Juni 1918 huko Barnet, kaskazini ya London, katika nyumba yenye mali. Mwaka 1938 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford. Vita vilipoanza hakuweza kutulia na vitabu. Mwaka 1940 aliacha chuo akaenda kujifunza uuguzi katika Hospitali ya St Thomas. Kazi hiyo ilimfaa kama samaki na maji, ila mgongo wake haukuikubali. Ninyi mliowahi kumgeuza mgonjwa mzito kitandani mwajua uuguzi unavyotaka mgongo. Alihitimu mwaka 1944, na papo hapo akaambiwa kwamba hawezi kuendelea. Basi akarudi Oxford akamaliza masomo, na mwaka 1947 akawa mtumishi wa ustawi hospitalini, yaani mtu wa kumsikiliza mgonjwa juu ya shida za nyumbani kwake: nani atalipa kodi, nani atawatazama watoto.

Ndipo alipokutana na David Tasma. Huyu alikuwa Myahudi kutoka Poland, mtumishi wa hoteli, umri wake miaka 40, mgonjwa wa saratani. Katika mji wa London hakuwa na ndugu hata mmoja. Tafakarini hali hiyo, ndugu zangu, maana wengi wetu tuliotoka vijijini kuja kutafuta kazi mjini twaijua: mtu anakufa katika mji wa watu, na hakuna wa kuliita jina lake kwa lugha ya mama yake. Bibi Saunders akamtembelea mara kwa mara. Wakazungumza juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kupumzika bila maumivu na bila haraka, akahesabiwa kuwa mtu. Tasma alifariki mwezi wa Februari 1948, akamwachia pauni 500, akisema kwamba zitakuwa dirisha katika nyumba atakayoijenga. Nyumba yenyewe haikuwapo. Hata kiwanja hakikuwapo. Ilimchukua miaka 19 kuizungushia dirisha lile kuta zake.

Katika miaka hiyo kuna jambo moja ambalo twapenda kulieleza kwa urefu, kwa kuwa ndilo kiini cha kazi yake. Jioni alikuwa akijitolea katika nyumba ya wagonjwa iitwayo St Luke's. Huko aliona kwamba wauguzi huwapa wagonjwa mofini, dawa ambayo asili yake ni afyuni, kwa njia ya kinywa, kila baada ya muda wa saa nne, maumivu yawepo au yasiwepo. Katika hospitali kubwa mambo yalikuwa kinyume. Mgonjwa aliachwa mpaka alie, ndipo achomwe sindano. Dawa ikiisha nguvu, angoje tena mpaka alie. Madaktari walifanya hivyo kwa hofu kwamba angeizoea dawa kama mlevi azoeavyo pombe. Bibi Saunders akatambua kwamba anayengoja maumivu hutumia nguvu zake zote katika kuyangoja. Hapati nafasi ya kusali, wala ya kumwusia mwanawe, wala ya kula uji. Lakini dawa ikiyatangulia maumivu, akili yake hubaki huru.

Akamwambia daktari mmoja wa upasuaji, Norman Barrett, kwamba ataka kurudi kuwauguza watu hao usiku. Barrett akamshauri asome udaktari, kwa maana madaktari ndio wanaowakimbia wanaokufa, na neno la mwuguzi halingesikilizwa. Basi mwaka 1951, akiwa na miaka 33, akaketi darasani pamoja na vijana. Alihitimu mwaka 1957. Mwaka uliofuata aliingia hospisi ya St Joseph's, upande wa mashariki wa London, iliyokuwa chini ya watawa wa Kikatoliki kutoka Ireland, ingawa yeye mwenyewe hakuwa Mkatoliki. Huko aliweka daftari ya kila mgonjwa: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, na hali yake ilikuwaje. Alikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 1,000. Hapo aliweza kuwaonyesha madaktari, kwa hesabu wala si kwa machozi, kwamba wagonjwa waliopewa mofini kwa saa zake hawakugeuka walevi wa dawa. Sisi makarani tusifiwao mara chache twaomba ruhusa kufurahi kidogo hapa: daftari iliyotunzwa vizuri ilishinda hofu ya miaka mingi.

Na alijua pia kusikiliza. Siku moja alimwuliza mama mmoja habari za maumivu yake. Mama akaanza na mgongo, kisha akasema ni kama kila kitu chake kimeharibika. Akaendelea na habari za mumewe na mwanawe, jinsi wanavyolazimika kuacha kazi na kupoteza mshahara kwa ajili yake. Kutokana na wagonjwa wa namna hiyo Bibi Saunders alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana sehemu ya mwili, na ya moyo, na ya jamaa na fedha, na ya roho. Anayetibu sehemu moja tu hajamtibu. Wazee wetu walilijua hilo zamani bila kuliandika, ila mofini hawakuwa nayo.

Hospisi yake, St Christopher's, ilifunguliwa mwaka 1967 kusini ya London, na dirisha la Tasma lipo mlangoni. Mwaka 1969 wauguzi wake walianza kuwafuata wagonjwa majumbani. Nyumba ile ilikuwa shule tangu mwanzo. Florence Wald, mkuu wa shule ya wauguzi ya Yale huko Marekani, alikuwa amemsikia mwaka 1963. Aliacha cheo chake, akaenda London kujifunza, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa hospisi ya kwanza ya nchi yake, mwaka 1974. Wengine walitoka Kanada na kwingineko. Twasikia kwamba Bibi Saunders hakuwa mtu rahisi, na wasaidizi wake walijua lini wakae kimya. Twaamini. Mtu laini asingengoja miaka 19. Alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka 87, kwa saratani, katika hospisi ile ile aliyoijenga.

Sasa twarudi kwetu. Nairobi Hospice ilianza kazi mwaka 1990, karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta, na baadaye zikafuata nyingine, kama za Nyeri, Eldoret, Meru na Mombasa. Jirani zetu wa Uganda walipata hospisi yao mwaka 1993 kwa juhudi za Daktari Anne Merriman, ambaye alikuwa amefanya kazi Nairobi kwanza. Huko mofini ya unga huchanganywa na maji, mgonjwa akainywa nyumbani kutoka chupani. Na mwaka 2004 waliruhusu kwa sheria wauguzi waliopata mafunzo maalum kuiandika dawa hiyo wenyewe, kwa kuwa vijiji ni vingi na madaktari ni wachache. Bibi Saunders alilazimika kusoma udaktari ili neno la mwuguzi lisikilizwe. Uganda iliamua kumsikiliza mwuguzi.

Wengi mwamkumbuka mwanachama wetu tuliyekwenda kumwona katika chumba chake cha kupanga, baada ya hospitali moja kumrudisha nyumbani. Aliambiwa hakuna la kufanya tena. Mkewe alituonyesha karatasi ya dawa: vidonge vile vile vya kichwa ambavyo mtoto wa shule hununua dukani. Alilala akielekea ukutani, akiuma shuka ili watoto wasimsikie, muda wa wiki sita. Alipofariki chama kilitimiza wajibu wake wote. Sanduku lilikuwa zuri na gari liliondoka kwa saa yake. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu yeyote. Twasema kwamba lile neno alilorudishwa nalo nyumbani si kweli, na lilikuwa si kweli tangu siku Bibi Saunders alipolifungia daftari yake. Lipo la kufanya, nalo halihitaji jumba la mawe.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa idhini ya Kamati twaleta hoja ifuatayo ijadiliwe leo alasiri. Sehemu ya fedha za mazishi itengwe iwe ya wanachama walio hai ambao hospitali imewarudisha nyumbani. Itumike kwa nauli ya kuwafikisha hospisi au kumleta mwuguzi wake, na kwa dawa aliyoiandika. Kila mtaa uchague watu wawili wa kumtembelea mgonjwa wa namna hiyo, mmoja wao ajue kusoma saa na kuandika, ili dawa isichelewe usiku wakati mke amechoka. Wazee wakiona sanduku litapungua uzuri kidogo kwa sababu hiyo, waseme wazi, tulipime jambo. Mweka Hazina ameziona hesabu, naye yuko tayari kujibu maswali.