Springi Mpya Haziongezi Tani

(Mazungumzo kwa wenye pikapu, madereva na vijana wa kikundi cha maendeleo, baada ya ibada)



Nimeombwa niseme machache juu ya kuweka springi na shokabzoba mpya za pikapu hapa nyumbani. Nimekubali kwa furaha, maana kwetu pikapu si gari la starehe. Ndiyo hupeleka viazi sokoni, ndiyo humkimbiza mgonjwa usiku, na ndiyo hubeba jeneza. Ikisimama, kijiji kizima kimesimama.

Lakini nianze na neno ambalo wengine halitawapendeza. Kila wakati wa mavuno watu hunijia wakisema, "Fundi, ongeza vyuma viwili kwa springi tubebe zaidi." Jibu langu ni moja: springi mpya haziongezi tani. Tusikilizane, nitawaeleza sababu.

Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokabzoba haibebi mzigo; kazi yake ni kuituliza springi. Ndani yake mna mafuta yanayosukumwa kupita katika matundu madogo, na hivyo mtikisiko hugeuka joto ukaisha. Kwa hiyo gari likilala upande mmoja, au likikaa chini nyuma hata bila mzigo, angalia springi. Likiendelea kurukaruka baada ya shimo, angalia shokabzoba. Ukitaka kuipima, sukuma kona ya gari chini kwa nguvu, kisha uachilie. Ikipanda na kushuka zaidi ya mara mbili, shokabzoba imechoka. Tazama pia kama inavuja mafuta, au kama tairi limelika mabaka mabaka.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Nazungumzia springi za nyuma za vyuma bapa, kama zile za Toyota Hilux. Springi za mbele za kujiviringa, kama za Peugeot 504, msizifungue nyumbani. Zimebanwa kwa nguvu nyingi, na ikichomoka moja yaweza kuua mtu. Hizo zipelekwe gereji yenye kifaa cha kuzibana.

Kwanza, usiku wa kuamkia kazi, tia mafuta kwa nati zote zilizoshika kutu.

Pili, egesha mahali tambarare na pagumu, weka gia, na uzuie magurudumu ya mbele kwa mawe. Inua kwa jeki, kisha weka stendi mbili imara chini ya chesisi. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulilinda. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka jeki juu ya udongo uliolowa mvua. Ilizama polepole na gari likashuka, likashikwa na gurudumu nililokuwa nimelitoa na kulisukuma chini ya chesisi. Bila gurudumu lile nisingekuwa nimesimama hapa leo. Kijana, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Tatu, shikilia ekseli kwa jeki nyingine na ufungue upande mmoja kwanza. Ule mwingine utakuonyesha jinsi ya kurudisha. Wakati wa kufunga, kichwa cha bolti ya katikati ya springi lazima kiingie sawasawa katika tundu lake kwenye ekseli. Kikikaa kando, ekseli itakaa mshazari na gari litaenda kama kaa. Bolti za U nunua mpya. Springi iliyovunjika isichomelewe, maana moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma. Na badilisha pande zote mbili, si upande mmoja.

Nne, linganisha urefu wa shokabzoba mpya na ya zamani. Usiishike ile fimbo yake inayong'aa kwa koleo, utaikwaruza na itavuja. Bolti za bushi zikaze mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo raba zitapasuka mapema. Baada ya siku chache za kazi, kaza tena bolti za U.

Sasa narudi kwa wale wanaotaka kuongeza vyuma. Pikapu nyingi zina kifaa cha breki kule nyuma, kilichounganishwa na ekseli kwa fimbo. Mzigo ukiingia, bodi hushuka, na kifaa hicho huongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukiongeza vyuma, bodi haishuki tena kama zamani. Umeweka mzigo mzito, lakini kifaa kinadhani gari ni tupu! Basi unateremka mlima na magunia, na breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Kwa hiyo urefu wa gari ukibadilika, mwambie fundi wa breki arekebishe fimbo hiyo.

Tena, ukiongeza springi, ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, tairi ni zile zile. Na sheria ni ile ile. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 56, inakataza kubeba kupita uzito uliowekwa na mtengenezaji wa gari au na mkaguzi.

Tufanye hesabu. Gari la tani moja hubeba kilo 1,000. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50. Hayo ni magunia 20, na uzito wa watu umo humo humo. Wakikaa watu watatu mbele, toa magunia kama manne. Sasa jiulize, zile lumbesa tunazopakia ni ngapi?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye viazi huona gari halijajaa, lakini dereva ndiye anayekanyaga breki kule mteremkoni, na watoto wetu ndio wanaotembea kando ya barabara. Tunapenda kusema ajali haina kinga. Ndugu zangu, hii ina kinga. Weka springi nzuri ili gari lisimame wima na mzigo wake wa halali, kisha gunia la ishirini na moja lingoje safari ya pili.

Mungu awabariki na awalinde njiani.